Nilinyamazisha Baiskeli ya Marehemu Mume Wangu, Sasa Mama Mkwe Anataka Kuuza Mbuzi

Admin, naomba ufiche jina langu, na la mtoto nimebadilisha. Mimi ni mjane wa miaka ishirini na tisa, naishi kwa boma la mama mkwe wangu kando ya lami, upande wa Rongo. Nina mtoto mmoja wa miaka minne, nimwite Atieno. Mume wangu aliugua wiki moja tu, tukamzika mwaka jana. Wale wa kunihukumu haraka, nisomeni mpaka mwisho kwanza.

Mume wangu alikuwa anauza samaki. Alichukua baiskeli yake kuukuu akaifunga injini ndogo ya pampu ya maji, na kila asubuhi alikuwa anaenda Karungu kuchukua samaki, anarudi akiuza njiani. Ile kitu ilikuwa na kelele, woi! Bomba la moshi lilikuwa fupi, tena limetoboka, na alikataa katakata kuliziba. "Wateja wananisikia wakiwa jikoni," alikuwa anasema. "Nikifika, sufuria ziko mkononi." Na ni kweli. Hata mimi kwetu Karungu nilimsikia kabla sijamwona. Nilitoka nje kumgombeza azime hiyo makelele, akanicheka, akanipa samaki wawili wa ngege bure. Hivyo ndivyo nilivyoolewa.

Alipokufa, shemeji yangu mdogo alichukua baiskeli aendeleze biashara, na sikuwa na neno. Ni mtu mzuri, anatuletea samaki. Shida ilianza siku ya kwanza alipopita hapa saa kumi jioni, saa zile zile za marehemu. Nilikuwa nachambua mboga. Nikasikia ile kelele inapanda kutoka mtoni, mboga nikaziacha hapo. Atieno akaruka, "Baba amekuja!" akakimbia mpaka barabarani. Nilimkuta ameshika baiskeli, anamwangalia baba yake mdogo usoni, kisha anazunguka nyuma kutazama kama baba yuko kwa keria. Alilia mpaka akalala bila kula.

Kesho yake ikawa vile vile. Na keshokutwa. Nilimweleza, nikamweleza tena, lakini mtoto wa miaka minne ataelewa nini? Halafu siku moja lori la miwa lilifunga breki likasimama hatua mbili tu kutoka kwake. Dereva alishuka, akanifokea, "Mama, unataka nifungwe?"

Hapo ndipo nilimwambia shemeji apeleke baiskeli kwa fundi inyamazishwe. Akaniuliza, "Shemeji, na wateja?" Nikamwambia apige honi, wateja hawajafa. Tulienda pamoja. Fundi alifungua lile bomba, akaweka jingine refu lenye sailensa, akakata vipande vya mpira wa tairi akavilaza chini ya injini isitetemeke. Alipowasha, ilitoa sauti ndogo kama cherehani. Nilimshukuru, nikaenda nyuma ya kibanda chake nikalia.

Atieno aliacha kukimbia. Wiki mbili sasa hajamtaja baba yake. Ndicho nilichotaka, na kinaniua.

Ambaye sikumfikiria ni mama. Mama mkwe wangu haoni vizuri, macho yake yameingia ukungu. Nilidhani ile kelele inamuumiza kama inavyoniumiza mimi. Kumbe kila saa kumi alikuwa anasogeza kiti mlangoni kuingoja! Siku ya tatu ya kimya aliniita, "Nyar Karungu," ndivyo anavyoniita, binti wa Karungu, "mbona sisikii mtoto wangu?" Hakusema baiskeli. Alisema mtoto wangu. Mdomo wangu ukatangulia, "Imeharibika, mama. Inangoja spea."

Huu ni mwezi wa pili anauliza spea kila siku. Chakula anaonja tu, anarudisha sahani. Na shemeji anapita hapo nje, hatua kumi kutoka kwa kiti chake, honi hathubutu kupiga. Juzi mama aligeuza kichwa. "Nani huyo amepita?"

"Ni mtu tu wa baiskeli, mama."

Shemeji alinisikia. Aliinamisha kichwa akaenda zake.

Jana akaniita tena. Ana mbuzi mmoja tu, aliyenunuliwa na marehemu. Akasema, "Alhamisi ni soko. Shemeji yako achukue ile mbuzi yangu auze, anunue hiyo spea. Mimi sitaki kitu kingine. Nataka tu kumsikia akipita, ndio nijue siku imeisha." Nilijibu, "Ndio, mama."

Tafadhali msiniambie nifunge geti. Ua wetu ni michongoma, una mapengo kila mahali, na huyo mtoto anapenya kote. Lile bomba la zamani liko chini ya kitanda changu, nimelifunga kwa leso. Kuna siku nalitoa nanusa moshi wake. Jamani, mnadhani mimi simkumbuki? Lakini nikilirudisha, mtoto wangu atakimbia tena barabarani kumlaki baba ambaye hatashuka. Na nikisema ukweli, mama atajua hakuna spea yoyote, atajua ni mimi niliyemzimia mtoto wake. Nikinyamaza, anauza kitu cha mwisho alichoachiwa na mwanawe, kutengeneza kitu ambacho hakijaharibika.

Asubuhi hii ameniomba kamba. Nimemkuta amekaa mlangoni, anamfunga mbuzi kwa kupapasa, anamwambia taratibu kwamba yeye mbuzi ndiye anaenda kumrudisha mwenye nyumba. Ndugu zangu, nishaurini, nifanye nini? Na mnijibu kabla ya Alhamisi.