Utando Chini ya Kofia ya Zambarau

Saa mbili asubuhi, ukungu ukiwa bado umeng'ang'ania mikaratusi, Bev Tatnell amepiga magoti kwenye matope ya njia anayoifyeka kila siku. Mkononi ana uyoga wenye kofia ya zambarau, unateleza kama kamasi. Anaupindua taratibu.

"Ona huo utando, kama wa buibui," ananiambia. "Ukiuona, usiuchume, huenda una sumu."

Bev, 58, ni kibarua wa njia za msitu huu wa kusini mwa Tasmania. Kwa habari ya uyoga halipwi hata senti. Lakini kila baridi inapoanza kuuma, watu humletea vikapu vyao, naye huvikagua juu ya boneti ya gari lake huku chai ikimpolea. Mtu wa namna hii, jamani, ni wa kuvuliwa kofia.

Leo amekuja Bibi Halina, mjane wa Kipolandi. Kesho ni kumbukumbu ya marehemu mumewe, Zenon, na siku hiyo supu ya uyoga wa zambarau haikosi mezani. Ule wa kwao Ulaya unaliwa, na bustanini kwake unaota chini ya mwaloni aliopanda Zenon. Mwaka huu haukutosha, basi akajazia na wa mikaratusini. Rangi ni ile ile.

Bev anachambua, kisha mikono inasimama. Mmoja una utando. Mwingine shina lake limeshika vumbi la rangi ya kutu, dalili nyingine mbaya. Uliobaki umevunjikavunjika na kuchanganyika. Kapu zima, anasema, limwagwe.

Bibi Halina anawaka. Yeye kachuma uyoga Bev hajazaliwa, leo afundishwe na mfyeka njia?

"Bibi, supu hiyo wataila wajukuu zako," Bev anasema, sauti ile ile. "Huu sijui utawafanya nini. Wewe unajua?"

Mwishowe bibi analiinua kapu mwenyewe na kulimwaga kwenye majani makavu, machozi yakimtoka.

Bev anamshika bega. Akitoka kazini, anamwahidi, watakwenda wote kupekua upya chini ya mwaloni ule, na wakipata hata kiganja kimoja, supu itapikwa.

Halafu ananinong'oneza jambo. Miaka yote hii anakagua uyoga wa watu, wa porini hajawahi kuuonja hata mmoja. Anaogopa.

"Kesho nitakaa mezani kwa Zenon," anasema akiokota panga lake. "Bakuli la kwanza ni langu. Nikishindwa kumeza, bibi atanilisha."