Fundi Kahambu na Diski Iliyotoka Goma

Mwaka ule Goma ilipoanguka mikononi mwa waasi, Kahambu alikuwa amekwisha kuchoka. Alichoshwa na vumbi jekundu la Lubumbashi linaloingia kwenye kompyuta kupitia matundu ya feni na kuganda ndani kama ukoko wa ugali. Alichoshwa na umeme unaoondoka bila kuaga na kurudi kwa kishindo. Zaidi ya yote, alichoshwa na kurudia maneno yale yale.

Kibanda chake kilikuwa mtaa wa Kamalondo, kati ya fundi cherehani na mama anayeuza samaki wakavu wa Pweto. Kahambu alikuwa mzaliwa wa Butembo, Kivu, akaletwa Katanga na ndoa. Mume wake, Mumbere, alikuwa na lori la kubeba bidhaa za wafanyabiashara wa jumla. Ufundi aliupata usichanani mwake, kwa mjomba aliyeuza kompyuta kuukuu zilizotoka ng'ambo. Zilizofika zimekufa alipewa yeye azichokoe, kwa kuwa hakukuwa na hasara tena.

Asubuhi ya siku ile ya Januari alikuwa na mteja, Kalaba, mwenye baa kule Karavia.

"Mama, mashini ilikufa," Kalaba alisema. "Jana ilikuwa muzuri. Leo asubui haiwake."

"Kuran ilienda jana?" Kahambu aliuliza, akimaanisha umeme.

"Ilienda, ikarudia."

"Na mashini ulikuwa umeitoa kwa prise ya ukuta?"

Kalaba akatazama viatu vyake.

"Baba Kalaba, nilikuambiaka. Kuran ikienda, toa kamba. Ikirudia, ngoja kwanza itulie. Ile ya kurudia njo inauaka mashini."

Kahambu akafungua ubavu wa kompyuta. Akashika feni kwa kidole isizunguke, akafagia vumbi kwa brashi ya rangi. Akachomoa kipande cha kumbukumbu, akasugua meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, akakirudisha hadi kikalia. Akaiwasha. Kimya. Basi ni kile kisanduku cha umeme kilichoungua, kama alivyodhani. Alikuwa anatafuta kingine kwenye lundo lake, simu ikalia.

Alikuwa mdogo wake, Espérance, katibu wa shule moja ya sekondari huko Goma. Kwao dada mkubwa huitwa Yaya.

"Yaya, niko ndani ya bureau ya shule. Masasi inalia, bunduki kila upande. Watu wanaiba vitu kwa shule ya jirani, meza, mabati, kila kitu."

"Toka huko!"

"Ninatoka. Lakini pointi za watoto za mitihani ziko ndani ya mashini. Za miaka yote. Siwezi kubeba mashini kichwani, Yaya."

Kahambu aliketi, akaweka simu kwenye spika. Kalaba naye akaketi, ingawa hakuna aliyemwambia.

"Sikia," Kahambu alisema, na sauti yake ikawa ile ya kazini. "Toa kamba ya kuran kwa ukuta. Umetoa? Gusa chuma ya ile boîte ya mashini kwanza, umeme wa mwili wako utoke. Nyuma kuna visi, ile misumari ya kuzungusha. Uko na tournevis ya kuzifungua?"

"Sina."

"Kisu?"

"Kuna ya jikoni."

"Tumia ncha yake. Polepole."

Walisikia chuma kikikwaruza chuma, na kwa mbali mlio mwingine ambao Kalaba alijifanya hausikii.

"Imefunguka."

"Angalia ndani. Kuna kitu cha chuma, kizito, kama kitabu kidogo cha nyimbo. Iko na kamba mbili. Usivute waya, vuta kichwa cha kamba. Kisha toa visi zake. Usiiangushe, Espérance. Ukiangusha simu si neno, ile usiiangushe."

"Nimei—"

Simu ikakatika. Alipiga tena hadi mchana, na sauti ya mashine ikamjibu kwamba mtu anayemtafuta hapatikani. Kalaba aliacha kompyuta yake, akaenda zake kwa ncha za miguu kama anayetoka msibani.

Wiki zikapita, na simu ya Espérance haikupatikana. Njia za mashariki zilifungwa, na kwa vile wateja wa Mumbere wengi walikuwa watu wa kwao Kivu, lori lilibaki uani likigeuka kiti cha kuku. Mumbere alisikiliza redio tangu asubuhi. Kahambu aliendelea kufagia vumbi, kusafisha virusi vya flashi za USB, kuwaambia watu waweke kazi zao mahali pawili, maana mashine haimwambii mtu siku yake ya kufa. Walimwitikia, wakaondoka, wakarudi wakilia.

Espérance alifika mwishoni mwa masika. Alikuwa amepitia Rwanda, Tanzania na Zambia, akaingia kwa mpaka wa Kasumbalesa amebebwa juu ya magunia ya unga. Kahambu hakumtambua upesi; alikuwa amekonda, na nywele zimekatwa kama za mvulana. Walikumbatiana mlangoni pa kibanda hadi mama wa samaki akafuta machozi yake mwenyewe.

Kisha Espérance akafungua kitenge kilichofungwa tumboni, akatoa diski.

"Yaya, nimeileta. Lakini mpakani watu walisukumana. Ilianguka."

Kahambu aliipokea kwa mikono miwili. Aliiunganisha na kompyuta yake, akaweka sikio karibu. Tak. Tak. Tak. Akaizima hapo hapo.

"Kwa nini unazima? Washa tena!"

"Hapana."

"Yaya, pale kuna watoto wa mwaka wa mwisho. Wametawanyika, wengine Beni, wengine Bukavu, mmoja iko hapa karibu, Kipushi. Bila pointi za nyuma hakuna shule inawaandikisha kwa Exetat, mtihani wa serikali. Mkurugenzi wa shule hatujui aliko. Washa!"

"Espérance, diski inayogonga ni kama mgonjwa wa moyo. Ukimwamsha kila mara atembee, utamuua. Tunamwamsha mara moja, tunachukua yote anaweza kutoa, tunamwacha. Hatufungui fichier, hata jalada moja, juu yake. Tunanakili kwanza. Tutatafuta ndani ya nakala."

Espérance akageukia ukuta. Alikuwa amebeba kile chuma nchi nne, na sasa anaambiwa asubiri.

Walisubiri kweli, kwa sababu kazi ile isingestahimili kukatika kwa umeme. Kahambu alimwendea Mumbere uani.

"Baba, nipe batri ya lori."

Kutoa batri kulikuwa kukiri kwamba lori haliendi popote. Mumbere akazima redio, akachukua spana, akaifungua mwenyewe, akaibeba begani hadi kibandani. Kahambu akaifunga kwenye kile kifaa kinachogeuza umeme wa batri kuwa wa nyumbani, akaweka feni ya meza mbele ya diski, akaanzisha programu ya kunakili. Programu ile husoma taratibu. Ikikuta mahali pabovu huparuka, huchukua pazima kwanza, kisha hurudia pabovu mwishoni.

Namba zikaanza kutembea. Diski ikagonga, ikanyamaza, ikagonga. Umeme wa mtaa ulikatika kabla ya adhuhuri, cherehani ya jirani ikasimama, lakini namba ziliendelea. Kahambu alikaa kiganja chake kikiwa juu ya chuma. Ikipata moto alisimamisha kazi, akaiacha ipoe, akaanza tena pale pale. Dada zake wawili wa kanisani walipita kumsalimu, akawajibu kwa kichwa. Espérance alilala sakafuni, kichwa juu ya boksi la kibodi mbovu.

Jua lilipoanza kushuka, diski ililia mlio mrefu mwembamba, kisha ikanyamaza. Kahambu aliigusa. Haikuzunguka tena.

"Imekufa?" Espérance alikuwa ameamka.

"Imekufa. Tuone imetuachia nini."

Wakafungua nakala. Majalada yalijitokeza darasa kwa darasa, na Espérance akaanza kusoma majina kwa sauti, kama mwalimu anayeita mahudhurio. Kwa kila jina alisema jambo: huyu alikuwa anachelewa, huyu baba yake alikuwa mwendesha pikipiki, huyu hajulikani aliko. Sehemu ya Biashara ilikuwa nzima. Sehemu ya Ualimu ilikuwa nzima. Sehemu ya Ushonaji ilifunguka ikiwa imejaa alama za ajabu, viboksi na alama za kuuliza tupu.

"Jaribu tena," Espérance alisema.

Kahambu alijaribu kwa programu nyingine, na nyingine tena. Vilikuwa viboksi tu.

"Benita alikuwa Ushonaji," Espérance alisema. "Yule wa Kipushi."

"Pole, mdogo wangu."

"Usiniambie pole. Uliniambia nisiiangushe."

Kahambu alimvuta, akamkalisha kwenye kiti chake. Alikuwa amewaambia watu wengi habari za namna hiyo, wenye picha za harusi, wenye kazi za chuo, na hakupata kamwe kujua sauti ya kutumia.

Siku zilizofuata Espérance alituma pointi kwa simu, mzazi mmoja baada ya mwingine. Wengine walijibu kwa kupiga vigelegele vilivyopasua spika. Wengine hawakujibu. Kahambu aliweka nakala kwenye diski mbili, moja ikabaki kwa mchungaji wa kanisa lake.

Kipushi, Espérance alikwenda mwenyewe. Hakutaka Benita apate habari ile kwa ujumbe. Alirudi nyumbani alasiri, ana vumbi hadi kwenye kope.

"Alisema nini?" Kahambu aliuliza.

"Aliuliza kama mimi nimekula. Atarudi nyuma hadi mwaka wa tano huko huko Kipushi, shule moja imekubali." Akavua viatu. "Alinipikia, Yaya. Mtoto ambaye nimempotezea miaka yake alinipikia."

Nje mtu alibisha, ana kompyuta mikononi. Mumbere akatoka kumwambia fundi hayupo. Kahambu alisikia, akajilaza karibu na mdogo wake kwenye mkeka, mchana kweupe, na wote wawili wakalala.