Mtungi wa Mama Jovina

Mama Jovina ni jirani yetu hapa Nyarusange, mkoani Gitega, Burundi. Alikulia kambi ya wakimbizi Tanzania, ndiyo maana Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha mwalimu wangu. Analima migomba, na siku za mapumziko anawakusanya vijana wacheze mpira badala ya kunywa pombe kali na kupigana.

Alianza mwaka jana, baada ya timu yetu kwenda Muyinga. Pande zote mbili zilikuwa zimekunywa kabla ya mechi, wakaishia kurushiana mawe. Longino, mwanawe, akarudi na jeraha juu ya jicho.

Safari hii Muyinga ndio waliokuja kwetu. Mama Jovina aliwaahidi wazazi wote kwamba hakuna kijana atakayeonja pombe. Lakini huku kwetu waliogombana hupatana kwa kunywa mtungi mmoja, kila mtu na mrija wake. Basi akakamua mutobe, maji matamu ya ndizi mbivu, akaujaza mtungi.

Gari la wageni likaharibika njiani. Tuliowangoja Jumamosi wakafika Jumapili mchana, na mutobe hausubiri mtu.

Kwa desturi, mwenye nyumba huonja kwanza. Mama Jovina akainama, akavuta, nyusi zikampanda. Mi nilikuwa nimeshika mirija karibu yake, nikaona. Waziri, kapteni wa Muyinga, mtoto wa Kiislamu, alikuwa ameshapokea wake. Majirani wakamkonyeza Mama Jovina anyamaze tu, wanywe, yaishe.

"Msinywe, wanangu," akasema. "Imeshakuwa pombe."

Fabiano, beki wetu, akauliza kama sasa watapatana kwa maji ya mto.

"Mi hata maji nakunywa," Waziri akamjibu. "We ndiyo uko na kiu ya kingine."

Wachezaji wakaanza kusogeleana. Nikatafuta pa kukimbilia.

Ndipo mzee Kastori, jirani wa upande wa pili, akakohoa. Alikuwa na ndizi zilizoiva shimoni, za pombe yake mwenyewe. Angezitoa zote, mradi huo mtungi uliochacha aubebe yeye, maana hapendi kuona kitu kinaharibika. Mama Jovina akamwambia hajapata kuona mzee anayependa amani kiasi hicho.

Fabiano na Waziri akawaweka kwenye gogo moja lililochimbwa la kukamulia, wazifinye ndizi kwa majani. Waziri akamcheka Fabiano kwamba anafinya kama anafua nguo. Fabiano akamwambia basi amwonyeshe. Wakabishana mpaka mtungi mpya ukajaa, mikono imezama kwenye rojo lilelile, hakuna wa kumpiga mwenzake.

Mama Jovina akaonja tena. Wote tulikuwa tunaangalia nyusi zake. Hazikupanda. Fabiano akachukua mrija kwangu, akampa Waziri kabla ya kuchukua wake.

Mechi ilichelewa, na tulifungwa. Kipa wetu, aliyesaidia kumenya ndizi, anasema mikono yake ilikuwa inanata. Mi naona ingemsaidia kudaka.