Mikuyu ya Eeddo Ukingoni mwa Tana

Wakati wa vita vya shifta, kichaka cha ukingo wa Tana, hapo kwetu Garissa, kilifyekwa chote na jeshi ili waasi wasipate pa kujificha. Sisi wafugaji tulikusanywa kijijini. Tulitoka kwa ruhusa na kurudi kabla jua halijatua. Mvua zilipokuja, ukingo ukaanza kumeguka. Kanga walitoweka, tumbili wakabaki ng'ambo ya mto.

Shangazi yangu, dada wa baba, ambaye Kisomali tunamwita eeddo, alikuwa akisimama pale na mtungi wake na kusema, "Hata kelele zao nimezikosa."

Siku moja akawaomba wanawake wenzake wapande miti upya. Hakuna aliyewatuma wala kuwalipa. Wanne walikubali. Mimi, binti niliyeonja shule kidogo, nikawa mkalimani wao.

Kwenye kizuizi cha barabarani askari alituuliza tunakwenda wapi na mapanga.

"Kubanda," eeddo akajibu. Ile P hakuwahi kuiweza.

"Banda?" Askari akashika bunduki vizuri. "Mnawajengea nani banda?"

"Wallahi, kubanda! Kubanda miti!"

Nikadakia, "Kupanda, afande. Miti ya kando ya mto."

Alitukodolea macho, kisha akacheka mpaka akafuta machozi. Nasi tukacheka.

Alitufuata hadi mtoni. Kutulinda au kutuchunguza, sikujua. Eeddo alikuwa akichomeka vijiti vyembamba vya mkuyu. Askari alitazama, mwishowe uvumilivu ukamwisha.

"Mama, hivyo vitakauka. Kwetu sisi ni wakulima."

Akaomba panga, akakata tawi nene kama mkono wake, akalichonga ncha mshazari na kulizamisha kwenye udongo mbichi. Tangu siku hiyo, kila alipokuwa zamuni, alishuka nasi.

Mafuriko yalisomba safu yote ya kwanza. Eeddo alikaa chini, hata chai hakuigusa. Kesho yake akatuamsha mapema, tukapanda tena, juu kidogo ya pale.

Askari alihamishwa kabla machipukizi hayajatoka. Hatukuagana. Wiki nzima eeddo alimuulizia kizuizini, na wenzake hawakujua amepelekwa wapi.

Kiangazi chote tulimwagilia kwa mitungi. Matawi mengine yalioza, mengine yakashika. Vita vikaisha, vizuizi vikaondolewa, na mikuyu ikazidi kimo cha mtu. Kanga walirudi kwanza. Kisha asubuhi moja tukakuta tumbili, kundi zima, wakivunja matawi machanga na kutupa majani ovyo.

Eeddo aliwatukana kwa Kisomali, matusi ambayo sikujua anayajua. Nilipookota jiwe, akanishika mkono.

"Waache," akasema, shashi yake ya kichwani ikimwanguka kwa kucheka. "Waache kwanza wale."

Tukakaa kwenye kile kivuli kidogo hadi adhana ya adhuhuri, tukiwatazama.