Taa ya Diski ya Masanja

Mkwe wangu Minza ana steshenari hapa Bariadi. Wiki iliyopita alimwita fundi Shabani kuipiga kompyuta window upya, yaani kuiwekea mfumo mpya, ikagoma. Shabani akasema vifaa vinagombana, akachomoa printa na diski ya nje yenye picha za marehemu mwanangu Masanja. Nakala nyingine hatuna.

Alipokwenda kuswali adhuhuri niliona taa ya diski imezimika. Nikaogopa picha zisije zikaoza kama nyama kwenye friji isiyo na umeme. Nikaichomeka tena kwenye kompyuta, taa ikawaka, nikashukuru Mungu.

Shabani alirudi, akafuta diski akijua iliyobaki ni ya kompyuta tu, akaweka mfumo. Kumbe alichofuta ni diski ya Masanja.

“Umemzika mwanangu mara ya pili!” nilimfokea mbele ya wateja walioingia, Mwalimu Limbu na Mama Pili. “Fundi gani wewe? Hata ng'ombe huangalia anapokanyaga!”

Shabani alishika waya wa diski. “Bibi, mimi niliichomoa. Nani kairudisha?”

Minza alinigeukia taratibu, machozi yanamtoka.

“Mayu, mama yangu,” akasema, “humu ndani tulibaki mimi na wewe tu.”