Ng'ombe Wanakunywa Wapi

Mimi nina mdomo, sikatai. Mama yangu kule Tarasaa alikuwa akisema nilizaliwa nikigombana na mkunga. Sasa mtu wa aina hiyo umpeleke Malindi wiki tatu akasomee kompyuta, kisha umrudishe Garsen kwenye zahanati ambako hakuna mwingine anayejua hata kuiwasha. Jamani, kichwa kilinivimba! Nilikuwa karani wa wagonjwa wa kifua kikuu, mwaka mmoja hivi baada ya zile mvua za El Nino. Kompyuta yenyewe tulikuwa tumeletewa na wafadhili, na kila jioni jenereta ilipozimwa niliifunika kwa kitambaa cha kufuma.

Kabla yangu kazi ile ilifanywa kwa mkono na muuguzi wetu, mwanamke mtu mzima wa Kipini ambaye sote tulimwita Mama Sista. Dawa za kifua kikuu siku zile zilimezwa miezi minane bila kuruka, na mgonjwa alikuja kila mwezi kuchukua za mwezi unaofuata. Asipotokea, Mama Sista alifungua rejista, akaufuata mstari wake kwa kidole, akaandika barua ya kumwita, akampa yeyote anayeelekea huko. Jumatatu asubuhi yote ilimwishia hapo. Mimi nikamwambia, "Mama, pumzisha mkono. Mashine itaandika yenyewe."

Na kweli iliandika. Niliipiga chapa rejista nzima, kila mgonjwa na rekodi yake: nambari, majina matatu, kijiji, hali yake, tarehe ya kurudi. Kisha nikatunga barua moja tu. Penye jina nikaacha pengo, penye kijiji nikaacha pengo, nikaiagiza mashine hivi: tafuta kila ambaye tarehe yake imepita, chota jina lake na kijiji chake kwenye rekodi, jaza mapengo, chapisha. Jumatatu nabonyeza kitufe kimoja, naenda zangu kunywa chai, na huku nyuma printa inalia kri-kri-kri. Watu walikuja kuchungulia dirishani. Niliwaachia wachungulie.

Safu moja tu sikuiingiza. Mwisho kabisa wa ukurasa, kulia, Mama Sista alikuwa na nafasi pana ya maoni, na humo alijaza mambo kama "ng'ombe wamehamia malka ya pili" au "yuko kwa shemeji, maji ya ziwani". Malka, kwa asiyetoka kwetu, ni ile njia inayopita katikati ya mashamba, ambayo wafugaji hushushia mifugo mtoni. Kila mgonjwa wa Kiorma, wale wafugaji wa kwetu, alipoketi mbele yake, kabla hajagusa dawa, Mama Sista alimuuliza habari za nyumbani, za mvua, za ndama, na ng'ombe wanakunywa wapi. Mimi ni binti wa wakulima. Kwetu shamba likiwa pale, na mwenyewe yuko pale. Nikasema hizo ni salamu, na salamu haziingii kwenye kompyuta. Nikajisifu hata nimeokoa siku nzima ya kupiga chapa.

Hapo ndipo nilipokaribia kumpoteza mtu.

Alikuwa mama mmoja wa Kiorma, yuko mwezi wa tano wa dawa, ana mtoto anayenyonya. Kiangazi kilikuwa kikali. Tarehe yake ikapita, printa ikatoa barua, nikaituma na dereva wa lori. Jumatatu ya pili ikatoa nyingine, ya tatu pia. Mimi roho baridi, si barua zimekwenda? Ijumaa yule dereva akaingia na barua zake zote tatu, pamoja na nyingine sita za watu wengine, zimefungwa kwa mpira.

"Kule hakuna mtu, dada," akasema. "Nyumba tupu. Ningemwachia nani?"

Nikalipuka. "Watu gani hawa? Dawa unawapa bure, barua unawaandikia, wao kazi yao kuhama tu! Haya, wakae na kikohozi chao!" Nilisema hayo mbele ya wagonjwa waliokuwa kwenye benchi. Mpaka leo nikikumbuka naona haya.

Mama Sista hakupandisha sauti. Alinishika mkono, akanipeleka chumba cha dawa, akafunga mlango. "Mwanangu," akasema, "huyu mama akikatiza dawa katikati, ugonjwa utarudi na nguvu, na dawa hizi huenda zisiuweze tena. Na yule mtoto analala kifuani pake. Kwa hiyo hasira yako iweke kando kwanza. Kompyuta umeiambia isome wapi?"

"Kwenye kijiji."

"Kijiji alichokitaja lini?"

"Siku alipoandikishwa."

"Siku hiyo ilikuwa mvua. Leo ni nini?"

Akafungua rejista, akapeleka kidole mpaka kule kulia, kwenye maneno niliyoyaruka. Alipokuja mara ya mwisho, mama yule alikuwa amemwambia kwamba wanahamia malka ya tatu, juu ya Garsen.

"Mfugaji ukimuuliza anakaa wapi, atakutajia nyumba yake ya wakati wa mvua," Mama Sista akasema. "Na hajakudanganya, ndiyo nyumba yake. Muulize ng'ombe wanakunywa wapi. Hapo ndipo utampata."

"Nilidhani unawasalimia tu."

"Nawasalimia. Na wakijibu, nasikiliza."

Niliichukua rejista, nikarudi nayo kwenye kompyuta.

Mwingine angenisema mpaka nikaacha kazi. Yeye alivuta kiti akakaa nami Ijumaa ile yote, na miwani yake iliyofungwa uzi, ananisomea yale maoni moja moja na mimi napiga chapa. Namshukuru mwanamke yule kwa mambo mengi, lakini kwa siku ile namshukuru zaidi. Mwanzo niliongeza kisanduku kimoja kwenye rekodi ya mgonjwa, nikakiita maji. Akaniuliza, "Na akihama tena mwezi ujao?" Nikaona ana haki. Nikaunda rekodi ya kila ziara, yenye tarehe yake na maji yake, zote zimefungwa kwenye nambari ya mgonjwa, na barua nikaiambia ichote maji huko kwenye ziara.

Tukaijaribu kwa yule mama. Barua ikatoka na mahali pale pale pa zamani! Nilitaka kuipiga mashine kofi. Mama Sista akacheka mpaka akavua miwani. "Ziara ziko tano," akasema. "Umeiambia ichukue ipi?" Sikuwa nimeiambia. Kwa hiyo ilichukua ya kwanza iliyoiona, ile ya wakati wa mvua, ikaridhika. Kompyuta ni tiifu kupita kiasi. Ukiielekeza kwenye habari ya zamani, itakuletea ya zamani, na kwa herufi nzuri. Nikaiagiza izipange ziara kwa tarehe na ichukue ya mwisho. Barua ikatoka: malka ya tatu, juu ya Garsen.

Hatukungoja Jumatatu. Jumamosi asubuhi wauza maziwa walipofika mjini, Mama Sista aliwaendea akauliza nani ametoka malka ya tatu. Mmoja akainua mkono. Kwa kuwa hakujua kusoma, nilimsomea barua yote: jina la mgonjwa, la baba yake, la babu yake, na maji ya ng'ombe wao. Nikamsomea tena. Akatikisa kichwa kukubali.

"Namjua," akasema. "Iko nyuma ya boma yetu. Anakohoa sana."

Lile neno "anakohoa" lilinikata maini. Alikuwa ameacha kukohoa tangu mwezi wa pili, nilikuwa nimeandika mwenyewe kwenye rekodi yake. Jumapili sikula vizuri. Jumatatu kila aliyeingia mlangoni na mtoto mgongoni nilinyanyuka, nikakaa tena. Jumanne saa nne akaja, miguu imejaa vumbi mpaka magotini. Mama Sista hakumuuliza kwa nini umechelewa. Alimpa maji ya kunywa, akampima, akamsikiliza mtoto kifua, akachukua makohozi ya mama yapelekwe kupimwa, kisha akampa kidonge cha siku ile akimeze mbele yake.

Majibu yalipokuja, wadudu hawakuonekana. Tulikuwa tumemwahi. Nilikwenda nyuma ya jiko la zahanati nikalia peke yangu, nikanawa uso, nikarudi kwenye meza yangu.

Tangu hapo hakukosa tarehe hata moja, ingawa alihama mara mbili. Mwezi wa mwisho makohozi yake yalikuwa safi, na mtoto alikutwa mzima. Mama Sista akanisogezea rejista nijaze mwenyewe neno "amepona", kisha nikaliingiza kwenye mashine. Nilipoinua kichwa, yule mama alikuwa amesimama mbele ya meza yangu.

"Ile barua," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Mimi nilisema, tarehe imepita, hawa watu wamenitupa. Dawa kwisha. Mimi nalala tu, nangoja. Halafu yule wa maziwa anakuja anasema: jina yako, baba yako, babu yako, maji ya ng'ombe yako. Mimi nikasema, he! Kumbe Garsen iko mtu ananijua. Nikaamka." Akanitazama. "Ni wewe?"

Ningeweza kukubali. Barua ilitoka kwenye printa yangu. Lakini miezi yote ile mama yule alikuwa akipita mbele ya meza yangu, na mimi namjua kwa nambari. Sikuwa nimewahi kumtazama usoni. Na nilikuwa nimemtukana mbele za watu.

"Si mimi," nikasema. "Ni mama yule pale. Mimi ndiye niliyekukosea."

Akageuka akamtazama Mama Sista aliyekuwa akihesabu vidonge vya mgonjwa mwingine. Sijui kama hakuelewa nilivyosema, au alielewa yote. Alifungua kanga, akamshusha mtoto mgongoni, akaniwekea mapajani bila kuniuliza.

"Basi nishikie," akasema, na akaenda kumpa mkono Mama Sista.

Nilimshika kwa mikono miwili. Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani, na kifua chake kilipanda na kushuka kimya, bila kikohozi.