Kilima cha Mawe ya Bibi

Juzi mjukuu wangu alinipandisha kile kilima cha nyuma ya Ilomba kwa gari, lami tupu, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine unatafuta muziki. "Bibi, eti barabara hii walianzisha Wazungu, kwa mashindano yao ya magari?" Eti walianzisha! Ningemzaba kibao, ila alikuwa anaendesha.

Sikiliza, ndugu yangu. Miaka ya hamsini, mimi kigori wa kuchota maji, hapo palikuwa njia yetu ya kisimani na sokoni. Masika udongo unanata miguuni, nyumba zote zinanukia moshi na viazi vya kuchoma. Mama mdogo aliteleza pale na mtungi wake, akavunjika mguu, asitembee vizuri tena. Ndipo bibi yangu akawaita wanawake kwenye msaragambo. Walibeba mawe ya mtoni kichwani wakiimba, wakayapanga mpaka mguu ukapata pa kukanyaga.

Walowezi wakachukia. Mchezo wao ulitaka njia mbovu: gari lipande utelezi bila kusimama, na likisimama tu, limeshindwa. Wakamtuma mnyapara na vijana wenye mitaimbo, mawe yetu yakatupwa bondeni. Bibi akamfuata mnyapara, akasimama mbele ya uso wake.

"Kamwambie bwana wako, yeye ana miguu ya mpira, sisi tuna ya nyama. Kama hamu yake ni matope, si akacheze mtoni!"

Wakang'oa, tukarudisha. Wakang'oa tena, tukarudisha tena. Kidole kimoja hakivunji chawa, bibi alikuwa akisema, na akina mama walikuwa wengi.

Siku ya mashindano ikakuta mawe yameng'olewa. Wanawake wakateremka na matenga ya viazi, saa ile ile ya kila siku ya soko, nami nyuma yao. Gari la kwanza likaja linanguruma, matope yanaruka. Sasa kwetu Wanyakyusa, mwanamke hapishani na mwanamume mzima hivi hivi. Anatua mzigo, anapiga magoti, anasalimu, anangoja kuitikiwa. Bibi akatua tenga katikati ya njia.

"Ugonile, tata?"

Na wote wakapiga magoti. Mzungu akapiga honi. Thubutu! Honi si kuitikia. Gari likasimama, likaserereka kinyumenyume hadi mtaroni. La pili nalo likasalimiwa, kwa heshima zote. Nilicheka mpaka mbavu zikaniuma. Nani angemfunga mtu jela kwa salamu? Masika iliyofuata wakapeleka mchezo wao upande wa Makongolosi, na mawe yetu yakakaa.

Sasa hayapo. Tingatinga liliyazoa kabla ya lami, na msaragambo umekufa, na watu wanapishana mlangoni kama hawajuani. Inaniuma, siwezi kukudanganya. Lakini kuambiwa kilima kile ni cha wale waliokitaka kibovu? Hilo sikubali hata nikiwa kaburini.

"Simamisha," nikamwambia mjukuu.

"Hapa katikati? Bibi, kuna magari nyuma!"

"Nimesema simamisha."

Nikashuka. Magoti yangu mabovu nikayapiga kwenye lami, honi zinalia nyuma yetu, nikamsalimu bibi yangu kwa Kinyakyusa, salamu nzima, bila kukata neno.

Wenye honi wakangoja.